Fundo la Sikudhani

Sikudhani wa Mkongo hakupenda mtu aseme "nifungie" halafu anyamaze. Ukimwendea na neno hilo peke yake, atakutazama toka utosini mpaka kisiginoni, kisha atakuuliza: nikufungie, au nikushikizie? Kwake kushikiza ilikuwa kazi ya leo mpaka kesho, mti usianguke wakati mtu anatafuta kamba ya maana. Kufunga ni kuizungusha kamba mpaka ikubali. Kukaza ni kuweka mguu kwenye mti ukavuta hadi kamba ilie. Kufundika ni kupiga fundo la mwisho, likalala. Kuunga ni kuzifanya kamba mbili fupi kuwa moja. Kuwamba ni kazi ya kitanda, na mwenye kuwamba ua kama kitanda, mwache akalale uani. Majirani walisema mwanamke yule ana maneno mengi ya kufunga kuliko ya kusalimia. Hawakumsingizia.

Walimvumilia kwa sababu walimhitaji. Mto Rufiji ukifurika, watu wa bondeni hupanda kwenye dungu, kibanda kilichosimama juu ya nguzo ndefu katikati ya mpunga. Humo wanalala, humo wanapika, humo wanawapigia kelele ndege na nguruwe mpaka mavuno. Dungu lililofungwa ovyo humwamsha mtu majini, na majini kuna mamba. Madungu ya Sikudhani hayakuanguka. Mumewe alipokufa kwa homa, hakurudi kwao. Alibaki na kamba zake na mtoto wake mmoja, Tamimu.

Tena Sikudhani alikuwa mtu wa kushoto. Udogoni mama yake alimchapa kile kiganja mpaka akaacha kula nacho, akaacha kupokelea nacho kitu cha mtu, kama adabu inavyotaka. Kwenye kamba tu mama mtu alishindwa. Basi kamba aliyoisokota Sikudhani ilipinda kushoto, na fundo lake lililala kushoto, wakati mafundo ya Mkongo nzima yamelala kulia. Mtu akipita bondeni akitupa jicho kwenye nguzo, anajua papo hapo: hili la Sikudhani.

Tamimu alipofika umri wa kushika kamba, shemeji yake Sikudhani, mzee Huseni, aliyekuwa jumbe wa kijiji, alimpa ushauri mzuri. Mweke mtoto mbele yako, uso kwa uso, mkono wake wa kulia ufuate wa kushoto wako, atatoka anafunga kama watu. Sikudhani akamjibu kwamba huyu hakuzaliwa na watu, kazaliwa na yeye. Akamkalisha ubavuni. Tamimu, ambaye kula anakula kwa kulia na kutupa mkuki anatupa kwa kulia, akatoka na fundo la mama yake, limelala kushoto. Duniani walikuwa wawili tu wenye fundo lile, na mama mtu alitembea kifua mbele kwa jambo hilo miaka mingi.

Kiburi kile kilikuja kumtokea puani mwaka wa vita.

Mwaka ule watu walikuwa wamechoshwa na pamba ya Wajerumani. Unaacha mpunga wako unaliwa na ndege, unakwenda kulima pamba ya serikali, na ukichelewa unalazwa chini unachapwa. Ndipo zikaja habari za maji ya Ngarambe: ukinywa, ukinyunyiziwa, risasi ikikufika inageuka maji. Vijana wakaanza kuvuka mto usiku, wakirudi wamenyamaza. Tamimu naye akawa anakwenda kuvua samaki na kurudi bila samaki. Mama yake aliona, akauliza, akaambiwa mto hauna kitu. Akasema mto wa Rufiji usio na samaki labda umehamishwa. Zaidi ya hapo hakuuliza, maana jibu alikuwa nalo na hakulitaka.

Vita ilipolipuka ng'ambo, huko milima ya Umatumbi, haikuchukua muda wapiganaji wakavuka na kuja upande huu. Walilichoma banda la pamba la Akida Abbasi, mtu wa pwani aliyewekwa na Wajerumani kutawala vijiji vile, wakang'oa na mashina shambani, wakapotea. Askari walipokuja kutafuta ukingoni, walikikuta chelezo cha kuvukia mto kimefichwa katika matete, mianzi imepangwa vizuri, imefungwa kwa kamba za miyaa, majani ya kusokotea. Wakakiburuta mpaka uwanjani, mbele ya nyumba ya jumbe Huseni.

Kijiji kizima kiliitwa. Watu walikitazama kile chelezo mara moja, kisha kila mtu akatafuta pengine pa kutazama. Wengine waliona mawingu ambayo hayakuwapo. Fundo lilikuwa limelala kushoto.

Akida Abbasi hakujua kamba, ila watu aliwajua. Aliwaona wanavyokwepa kutazama akafahamu kwamba pale pana jina, na kila mtu analo mdomoni. Alimwuliza jumbe. Jumbe Huseni akasema macho yake siku hizi hayaoni vitu vya karibu. Alimwuliza wa pili, wa tatu, akapewa magonjwa ya kila namna. Basi akaacha kuuliza. Akaagiza iletwe kamba na vipande viwili vya mwanzi, wanaume wapange mstari, kila mmoja afunge mbele yake. Alisema mdomo umefundishwa kusema uongo, mkono haujafundishwa.

Tamimu alikuwa katikati ya mstari. Sikudhani, upande wa wanawake, alimwona mkono umeshuka pajani na vidole vinacheza, vinazungusha kamba isiyokuwapo. Alikuwa anajaribu kuipeleka kulia. Inakwenda, inafika mahali, inarudi kushoto. Anaanza tena, inarudi kushoto. Mama mtu akaona jasho linavyomtoka mwanawe shingoni, na mbele yake mstari unapungua.

Wale waliokamatwa kwenye kijiji cha jirani walikuwa wamenyongwa kwenye mkwaju njiani, na ndugu zao walikatazwa kuwashusha.

"Bwana akida," akasema Sikudhani, "unawachosha waume za watu bure. Fundo hilo langu."

Watu wakageuka. Akida akamtazama, akacheka kidogo, akamwuliza kama siku hizi Mkongo wanawake ndio wanaovusha waasi.

"Nani kataja kuvusha? Nimetaja fundo. Tena hicho si chelezo, hiyo ni sakafu ya dungu langu. Wamenibomolea, wameelea nayo. Nilitaka nikuletee mashtaka, nikakuona una mengi."

Akida akampa kamba. Sikudhani akachuchumaa, akafunga kwa mkono wake wa kushoto, akakaza kwa mguu, akafundika, akasimama. Akida akainama kulinganisha. Lilikuwa lile lile. Akauliza, na sauti yake haikuwa na kicheko tena, kama watu wote hawa walilijua fundo lake na wakamnyamazia yeye.

"Walikuwa wananingoja niseme mwenyewe. Mwanamke mwenye mdomo kama huu, ukimsemea jambo lake, utahama kijiji."

Hata askari mmoja alicheka. Akida hakucheka.

"Basi twende bondeni," alisema. "Nikikuta dungu lako halina sakafu, nimekuamini. Nikilikuta zima, nitajua unamficha mtu. Na huyo mtu sitamtafuta mbali, maana nasikia una mtoto mmoja."

Dungu lilikuwa zima. Mavuno yalikuwa yamekwisha, lakini Sikudhani alikuwa hajalifungua, na wote waliosimama pale walijua, kwa sababu juzi tu alikuwa amekaa juu yake akichambua miyaa na kuwatukana wapita njia. Aliusema ule uongo kwa kuwa ndio uliomjia, kama mtu anayeteleza anavyoshika jani.

Hapo Mwanabibi akasema kwa sauti, bila kumwambia mtu, kwamba ameacha chungu motoni, akajitanda kanga akaondoka.

Mwanabibi huyu shamba lake lilipakana na la Sikudhani, na walikuwa hawasalimiani. Dungu la Mwanabibi liliwahi kulalia ubavu masika moja, na Sikudhani akasema kisimani, mbele ya wanawake, kwamba limefungwa na mtu mwenye kwikwi. Tangu siku ile mmoja akifika kisimani mwingine hutia kata yake ndani ya mtungi akaondoka. Sikudhani alipomwona anakwenda zake, roho ilimuuma kuliko kwa maneno ya akida. Alijisemea: hata leo, chungu. Hata kunisindikiza kwa macho hawezi.

Wakashika njia ya bondeni: akida, askari, Sikudhani, na nyuma yao kundi la watu waliotaka kuona na waliokuwa wanaogopa kuona. Tamimu alikuwa humo. Sikudhani aliwapitisha njia ndefu ya kuzungukia bwawa, akisema ile ya mkato ina viboko, jambo ambalo lilikuwa kweli mwezi mmoja kabla. Goti likaanza kumwuma. Mwiba ukamchoma. Akasimama kumweleza akida habari za baba yake mzazi. Hakuwa na mpango wowote. Alikuwa anaahirisha tu, na kila hatua aliomba dua, nusu ya maneno yakimpotea.

Walipotokeza kwenye matete, akainua macho. Nguzo zilikuwa zimesimama tupu. Juu hapakuwa na sakafu wala paa, wala ufito mmoja.

Kwanza hakuelewa. Kisha akaziona zile ncha za kamba zinaning'inia kwenye nguzo, zimekatwa kwa kisu na mtu asiye na subira, huku kirefu huku kifupi, na mahali palipokatwa ni peupe kama meno. Kamba iliyokatwa siku nyingi huwa nyeusi. Hii ilikatwa sasa hivi. Akida alikuwa nyuma yake hatua chache tu, anaruka dimbwi.

Sikudhani akapiga ukelele, akajitupa chini, pale ambapo maji ya bwawa yameacha tope. Akalia dungu lake kama mtu anayelia maiti. Akainuka na matope viganja vyote, akaikumbatia nguzo ya kwanza, akaipapasa, akaziminya zile ncha kifuani, akataja jasho lake, akataja marehemu mumewe aliyezikata zile nguzo. Akaihamia ya pili. Aliwalaani waliobomoa, wao na vizazi vyao, na moyoni aliomba Mungu asiipokee laana ile, maana alikwisha kujua ni nani. Alipofika nguzo ya mwisho, hapakuwa na ncha nyeupe hata moja.

Akida alisimama, akazitazama zile kamba zenye matope kwa muda. Akaivuta moja kwa nguvu zake zote. Haikutoka.

"Kamba hii umesokota wewe?"

"Nani mwingine?"

"Nzuri," alisema. Kisha akamgeukia askari, akamwambia kwamba kambini wana mateka wengi na minyororo haitoshi, na bibi huyu atakwenda nao. Alilisema kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Hapo Tamimu akatoka katika kundi.

"Bwana akida," alianza.

"Wewe!" Sikudhani alimkata. "Nani kakwambia usimame hapo kama kibuyu? Kuku wangu wako nje, na mwewe haombi ruhusa. Nenda nyumbani."

"Mama, mimi—"

"Nimesema nenda. Ukinijibu mbele ya wakubwa umenivua nguo."

Tamimu alisimama amefungua mdomo. Mama yake akamkazia macho, na macho yale hayakuwa ya ukali hata kidogo. Mdomo ukafungwa. Akageuka, akaenda kuwatazama kuku.

Kambi ilikuwa kando ya njia ya Kibiti. Walimpa kibanda kisicho na kuta, wakammwagia miyaa, wakamwonyesha anachotakiwa kufanya. Kamba za mizigo, kamba za mahema, na kamba za watu. Walikuja watu kutoka Mtawanya, walikuja kutoka ng'ambo, wengine bado wana mabua ya mtama kichwani waliyovaa kwenda vitani. Kila aliyefikishwa alifungwa mikono, na baada ya mkono, shingo, na baada ya shingo, mwenzake wa nyuma.

Mwanzoni alisokota kamba mbovu kwa makusudi. Aliweka miyaa mikavu katikati, akaifunika na mibichi nje, ikawa inapendeza macho. Alidhani anafanya wema. Asubuhi moja kamba ile ikakatika, na kijana aliyefungwa nayo akapata mikono yake, akakimbia. Hakufika mbali. Walimpiga risasi mgongoni, na risasi ile haikugeuka maji. Akaanguka kifudifudi, na kipande cha kamba bado kinaning'inia kiwikoni. Sikudhani alikuwa amekaa pale pale na miyaa mapajani. Tangu siku ile alisokota kamba kama anavyojua.

Askari walimsifu. Walisema hawajaona kamba kama za huyu mama. Alitamani wamtukane.

Siku moja waliletwa watu wa Mkongo, na kati yao Seleman, mume wa Zena. Zena alikuwa mwenzake wa kisimani, waliolewa kijijini mwaka mmoja. Seleman alipofungwa aliitazama ile kamba ilivyopinda, akainua macho, akamtafuta mpaka akamwona kibandani. Hakumtukana. Alisema tu, "Sikudhani, kumbe uko huku," kama wamekutana mnadani. Wakamvuta akaenda. Msafara ule ulishuka pwani, na hapana aliyerudi.

Vita ilipopoa na njaa ikaingia, walimwachia. Alirudi Mkongo kwa miguu, akakuta maghala yamechomwa na watu wamebaki macho. Tamimu alikuwa hai. Kwa hilo tu alikaa chini njiani, pale pale alipomwona, akashindwa kuinuka mpaka mtoto akaja kumwinua.

Kijiji kilimpokea vibaya. Wengi wakimwona walibadilisha njia. Waliokuwa na watu wao kwenye ule msafara walikuwa wameiona ile kamba, inayopinda kushoto, mikononi mwa ndugu zao. Mwanabibi peke yake ndiye aliyekuja, na kikapu cha ming'oko aliyoichimba porini, akakitua mlangoni bila hodi.

"Ulikata ovyo," Sikudhani alimwambia.

"Ungekuja kufungua mwenyewe," akajibu Mwanabibi, akaondoka. Kesho yake walisalimiana kisimani.

Zena alikuja baadaye, jioni, akakaa kwenye jamvi bila kukaribishwa. Alikonda mpaka mifupa ya kifua inahesabika. Walitazamana. Sikudhani aliyangojea matusi, akaona bora yaje upesi.

"Seleman ulimwona?" Zena aliuliza.

"Nilimwona."

"Kamba ilikuwa yako?"

Aliweza kusema hapana. Alikwisha kumdanganya akida mwenye bunduki nyuma yake, uongo ulionyooka kuliko huu. Lakini Zena hakuwa na bunduki.

"Yangu."

"Ilimuumiza?"

Sikudhani alitazama viganja vyake. "Kamba yangu hailegei, Zena. Unaijua."

Zena aliitikia kwa kichwa, polepole, kama aliyekuja kuthibitisha. Akainuka, akajipangusa vumbi, akaenda zake bila kuaga.

Tamimu alikuwa nyuma ya nyumba, amesikia yote. Alitokeza mbele. Alisema anamfuata Zena sasa hivi, anakwenda kumwambia kwamba chelezo alikifunga yeye, kwamba mama alichukuliwa kwa ajili yake, kwamba wakimchukia mtu wamchukie yeye.

"Kwani unadhani hajui?" mama yake alimwuliza. "Mkongo nzima inajua tangu uwanjani. Waliona fundo kabla yangu."

"Basi mbona wanakuchukia wewe?"

"Wamchukie nani? Mjerumani yuko mbali, akida kazungukwa na askari. Mimi niko hapa, napita kisimani kila siku."

"Siwezi kukaa nikiona, mama. Heri wangeninyonga."

Sikudhani alimshika mkono, akamvuta chini mpaka akakaa. Hakumkaripia. Labda ndiyo mara ya kwanza katika maisha ya Tamimu kuambiwa jambo na mama yake kwa sauti ndogo.

"Neno hilo lisije tena katika nyumba hii. Nimelipia kulikataa, mimi na watu wa watu. Ukilisema utakuwa umemuua Seleman bure."

Akaisogeza sahani. Ming'oko ilikuwa michache, imechemshwa kwa maji matupu, haina hata chumvi.

"Kula."

Tamimu alisema hana njaa, katika mwaka ambao hapakuwa na mtu asiye na njaa. Mama yake aliishikilia tu ile sahani mbele yake. Mwishowe kijana akanyoosha mkono, akaweka kipande kimoja mdomoni, akatafuna huku machozi yanamtoka. Sikudhani alimtazama anavyotafuna, mpaka koo lilipoteremka. Akamwekea kingine.